Dereva wa trela anasema breki zilikata. Nani atalipa?

SWALI: Wakili, salamu. Mdogo wangu alikuwa abiria kwenye matatu ya viti 14 iliyogongwa na trela kwenye mteremko wa Sachang'wan, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Abiria wawili walifariki. Yeye amevunjika paja na nyonga, na bado yuko wodini. Dereva wa trela ameandikisha polisi kwamba breki zilikata, kwa hiyo eti ni bahati mbaya tu. Kampuni ambayo jina lake liko kwenye logibuku inasema iliuza lori hilo mwaka jana. Juzi alikuja mtu akisema ametumwa na kampuni ya bima, akataka mgonjwa atie sahihi fomu ili apewe shilingi 150,000 za matibabu. Tena kuna jamaa katuambia kwamba kwa vile hakuwa amefunga mkanda, hana haki ya kudai chochote. Tushike lipi? — Dada yake, Nakuru.

JIBU: Pole sana, dada, na mgonjwa apate nafuu. Nianze na lile la haraka: fomu hiyo isitiwe sahihi. Mwambie anayemlinda wodini kwamba karatasi yoyote inayoletwa na mgeni ipigwe picha kwa simu na kurudishwa ilivyo. Mara nyingi fomu za namna hiyo zina mstari unaosema mpokeaji amelipwa fidia yake yote na hatadai tena, hata kama mleta fomu kasema kwa mdomo kwamba ni pesa ya dawa. Nyonga iliyovunjika inaweza kuhitaji upasuaji zaidi ya mmoja; 150,000 haifiki mbali.

Sasa hizo breki. Maneno "breki zilikata" utayakuta katika taarifa nyingi za ajali za malori, na watu wengi huyapokea kama vile yamemaliza mjadala. Kisheria ndiyo kwanza yameuanza.

Breki za lori kubwa zinatumia upepo uliokandamizwa kwenye mitungi. Upepo huo una kazi mbili: kubana breki dereva anapokanyaga, na kuzizuia springi zenye nguvu zilizoko kwenye vyumba vya breki za nyuma. Upepo ukivuja mpaka ukapungua sana, springi zinaachia na kufunga magurudumu zenyewe. Kwa hiyo lori lisilo na kasoro likiishiwa upepo hujifunga, halikimbii. Likikimbia, basi huenda springi zimefungwa kwa boliti zisifanye kazi (wapo wanaofanya hivyo ili gari lisiwasumbue njiani), au breki zimelegea kwa kutorekebishwa kiasi kwamba viatu vyake (vipande vinavyosugua) havigusi vizuri ngoma inayozunguka na gurudumu. Yote mawili ni uzembe wa gereji na wa mwenye gari, wala hayana bahati mbaya ndani yake.

Lakini kwenye miteremko mirefu kama hiyo yenu, chanzo kinachoonekana zaidi ni joto. Dereva anashuka kwa gia kubwa, au anatia gia huru ili kuokoa dizeli, halafu anategemea mguu peke yake. Breki zikikanyagwa mfululizo ngoma hupata moto, hutanuka na kujitenga na viatu, na msuguano hupungua. Dereva anakanyaga mpaka chini na gari haliitiki. Hapo ni kweli breki hazikushika, ila zilichoshwa na yeye mwenyewe, na mzigo ukiwa umepita kiwango mambo huharibika mapema zaidi. Eneo la Salgaa na Sachang'wan limebeba sifa hiyo mbaya kwa miaka mingi. Mnakumbuka pia Londiani, Juni 30, 2023, trela lilipoacha njia na kuvamia magari na wachuuzi kandokando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50.

Sheria inasemaje? Lori linalotunzwa na kuendeshwa vizuri haliingii upande wa wenzake na kugonga matatu iliyo kwenye njia yake. Likifanya hivyo, tukio lenyewe linaashiria uzembe, na mwenye lori ndiye anayetakiwa kutoa maelezo. Kusema tu kwamba breki zilikata hakutoshi. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1970, Henderson dhidi ya Henry E Jenkins, ambayo mawakili wa huku hupenda kuitaja. Bomba la breki la lori lilikuwa limeliwa na kutu mahali ambapo fundi hakuweza kupaona bila kulifungua, likapasuka kwenye mteremko na mtu akauawa. Wenye lori walijitetea kwamba kasoro hiyo ilikuwa imejificha. Majaji wa juu kabisa wa nchi hiyo waliwakatalia kwa wingi wa kura: mmiliki anapaswa kuonyesha kwamba alichukua hadhari zote za kawaida, ikiwemo historia ya gari, lilibeba nini na lilipita wapi, ili ijulikane kama lilihitaji uangalizi wa ziada. Uamuzi huo hauwafungi mahakimu wetu, lakini hoja yake ni nzito.

Kwa hiyo ushahidi ulio muhimu kuliko wote katika kesi ya mdogo wako umelala uani kwa polisi sasa hivi, na hautabaki pale milele. Gari likishakaguliwa, mwenyewe huomba kuliondoa. Likifika gereji, ngoma na viatu vya breki hubadilishwa na hakuna atakayejua vilikuwaje. Wakili wenu aandike barua mara moja kuomba gari lisiachiliwe kabla ya mtaalamu wenu kulitazama, na akikataliwa akaombe amri ya korti. Mtaalamu huyo ataangalia kama ngoma zimebadilika rangi kuwa samawati au zina nyufa za joto, viatu vimebaki unene gani, na kama kuna springi zilizofungwa boliti. Kisha zitafutwe karatasi za mizani, Mariakani, Gilgil au Webuye kutegemea lori lilipita wapi, pamoja na kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari na kidhibiti mwendo. Lori la mizigo halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Kama lilibeba shehena ya kupita nchini kwenda nchi jirani, huenda lilikuwa na kufuli ya kielektroniki ya KRA (mamlaka ya ushuru), nayo inatunza kumbukumbu za safari.

Kuhusu kampuni inayosema iliuza. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura 403, kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anaweza kuleta mkataba wa mauzo na ushahidi wa malipo, na korti ikakubali kwamba gari lilikuwa mikononi mwa mwingine. Ila sheria hiyo hiyo haitaki gari liendeshwe zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila jina kubadilishwa, hivyo aliyekaa mwaka mzima bila kuhamisha ana maswali ya kujibu. Ninyi msijitwishe kazi ya kuamua nani mkweli. Chukueni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) nakala ya rekodi za gari inayoonyesha mmiliki wa siku ya ajali, kisha mshtakini aliyesajiliwa, anayedaiwa kununua, na dereva, wote pamoja. Watasutana wenyewe mbele ya hakimu. Umiliki ukithibitika, korti huanza kwa kuchukulia kwamba dereva alikuwa kazini kwa mwenye gari, na anayepinga ndiye alete ushahidi.

Na matatu yenyewe? Kama ilikuwa kwenye upande wake, haina kosa. Ila mashahidi wakisema ilikuwa inapita gari lingine kwenye mstari usiokatika, nayo iunganishwe kwenye kesi. Wenye makosa wakiwa wawili, mdai ana haki ya kulipwa fidia yake yote na yeyote kati yao, halafu wao wagawane lawama.

Kuna kesi nyingine itakayokwenda sambamba na yenu, ile ya jinai. Kwa kuwa watu wamekufa, dereva anaweza kushtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, kosa lenye kifungo cha hadi miaka 10. Familia nyingi huiacha kesi hiyo kwa polisi na kuisahau. Ninyi mtumeni mtu awe anahudhuria. Dereva akipatikana na hatia na muda wa rufaa ukaisha, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hatia hiyo kuwa ushahidi usiopingika kwenye kesi yenu ya fidia. Kitakachobaki ni kama kuna mwingine wa kushirikiana naye lawama, na kiasi cha pesa. Akiachiliwa msikate tamaa. Kesi ya jinai inadai uthibitisho usioacha shaka, kesi ya fidia inataka tu upande wenu uelekee kuwa kweli zaidi.

Bima. Kila gari barabarani lazima liwe na bima ya kulinda watu wengine, kwa Sura 405, sheria ya bima ya magari. Watu hudhani wanaishtaki kampuni ya bima. La, mnamshtaki mwenye gari na dereva, na hukumu ikitoka bima inawajibika kuilipa mpaka shilingi milioni 3 kwa kila aliyeumia. Korti inaweza kutoa zaidi ya hapo, lakini kinachozidi mtakidai kwa mwenye gari mwenyewe. Hii ndiyo sababu nyingine ya kujua ni nani hasa na ana mali gani. Bima lazima ipewe taarifa ya kesi. Sheria inaruhusu siku chache baada ya kufungua, ila msingoje: ipelekeni kabla, kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa. Nimeona hukumu nzuri zikikwama kwa barua ambayo hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba ilifika.

Bima ikija na kisingizio kwamba lori lilikuwa bovu au lilizidisha mzigo, kifungu cha 16 cha sheria hiyo hakiwaruhusu kuwanyima ninyi kwa sababu hizo. Wakilipa, wakamdai mteja wao. Kama trela ni la nchi jirani, ulizeni kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka ya nchi za soko hilo la pamoja. Hata magari ya Tanzania hutumia kadi hiyo, ingawa nchi hiyo ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Huyo jamaa wa mkanda amechanganya mambo. Kutofunga mkanda hakufuti haki, kunaweza kupunguza fidia. Kipimo kinachorejelewa sana kinatoka Uingereza, mwaka 1975: mkanda ungezuia majeraha yote, fidia inapungua robo, ungeyapunguza tu, asilimia 15, usingesaidia, haipungui kitu. Muulizeni daktari kama paja na nyonga vingeokoka kwa mkanda pale mbele ya gari ilipobonyea mpaka kitini. Na je, kiti chake kilikuwa na mkanda unaofunga? Tangu zile kanuni za matatu za waziri wa uchukuzi Michuki mwaka 2004, mwenye matatu ndiye anayewajibika kuuweka. Mkanda usio na kifungio si kosa la abiria.

Karatasi za kuweka ndani ya bahasha moja: namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), abstrakti ya polisi (muhtasari wa ajali), fomu ya P3 (ya polisi, anayojaza daktari kuhusu majeraha), maelezo ya hospitali siku ya kuruhusiwa, picha za eksirei na kila risiti, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Gharama bila risiti korti haitoi. Mwombeni daktari aandike gharama ya kutoa baadaye vyuma vya kuunga mifupa, na wakili aidai tangu mwanzo, maana isipotajwa kwenye madai hailipwi. Kama mdogo wako ni fundi au mchuuzi asiye na hati ya mshahara, taarifa za M-Pesa na mashahidi wanaomjua zinasaidia. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2005 kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kipato.

Jihadharini pia na mabroka wanaozunguka wodini wakiwa na fomu za mawakili. Wakili anayekwambia "usilipe kitu, nitachukua nusu ya fidia" anavunja kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, na mkataba huo ni batili.

Muda ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Mkitaka kulaumu pia ubovu wa barabara na kuishtaki serikali, ni mwaka mmoja tu. Na kama mnazijua familia za wale wawili waliofariki, wafikishieni kwamba kwao miaka 3 inahesabiwa tangu siku ya kifo, na kwamba ili wadai kwa niaba ya mali ya marehemu ni lazima kwanza mmoja wao aende kortini kuomba barua za usimamizi wa mirathi. Zipo za muda, za kufungulia kesi tu, na hizo hazisubiri urithi ugawanywe.