Barua kwa mwanangu: maji ya upande wa pili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na mama yako amefurahi. Umeandika kwamba wanafunzi wako huko Dodoma wamekubana: kama mwezi ndio unaovuta bahari, mbona maji hujaa mara mbili kwa siku? Mara moja mwezi ukiwa juu yetu, sawa. Hiyo ya pili, mwezi ukiwa chini ya miguu yetu, nani anayavuta?

Wanafunzi wako wana akili. Mwezi hauvuti maji tu, unaivuta dunia nzima na mawe yake. Ila kilicho karibu huvutwa zaidi. Maji yanayoutazama mwezi huvutwa kuliko kitovu cha dunia, kwa hiyo hutangulia. Kitovu nacho huvutwa kuliko maji ya upande wa pili, yaliyo mbali zaidi kwa kilomita 6,000 na ushei, basi hayo hubaki nyuma. Ndiyo maana huinuka kote kuwili. Kinachojaza maji ni tofauti ya mvuto kati ya huku na kule, wala si ukubwa wa mvuto wenyewe.

Wakibisha, wape jua. Jua linaivuta dunia zaidi ya mara 170 kuliko mwezi, lakini mchango wake katika kujaa na kupwa haufiki nusu ya ule wa mwezi. Liko kilomita milioni 150. Kwa umbali huo upana wa dunia si kitu, pande zote huvutwa karibu sawasawa.

Hata hivyo jua lina kazi yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, viwili hivyo huvuta kwenye mstari mmoja, tukapata bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Hapa Jambiani maji hupwa hadi mbali, na mama yako na wenzake hushuka kwenye mwani asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta kivyake: ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na kina mama husuka ukili.

Kuna jambo moja usiwaambie mpaka wakuulize. Mwezi mpevu hufika utosini kama saa sita usiku, lakini kwetu maji hujaa karibu na saa kumi. Bahari ina mabara ya kuizuia na kina kisicholingana, hivyo maji huchelewa. Hilo ni somo la wiki nzima, na kidato cha pili wana mtihani.

Baba yako