Kantini ya skuli au kopo kutoka nyumbani?

SWALI: Assalaam alaykum. Naishi Wawi, Pemba, nina watoto wawili: mvulana wa miaka 7 na binti wa miaka 12. Wanatoka nyumbani saa 12:30 asubuhi, mapumziko yao ni saa 4, na chakula cha mchana ni saa 6:30. Baada ya hapo wanapitiliza chuoni (madrasa), hadi saa 10 ndiyo wanarudi. Mimi na baba yao sote tunafanya kazi, kwa hiyo wali wa nazi naupika usiku, asubuhi naupasha na kuwafungia kwenye kopo pamoja na mchuzi wa samaki. Mwezi uliopita mdogo ametapika skuli mara mbili. Skuli ina kantini, sahani ni shilingi 1,500: Jumatatu na Jumatano wali kwa maharage, Jumanne wali kwa samaki, Alkhamisi chipsi au tambi. Ijumaa wanatoka mapema. Baba yao anasema chakula cha nyumbani ndicho salama, tusibadilishe. Binti anaona haya kubeba kopo, anataka apewe pesa anunue getini. Nifuate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Walipie kantini Jumatatu hadi Jumatano, ukishaikagua kwa namna nitakayokueleza. Alkhamisi wafungie wewe. Kitafunwa cha saa 4 kitoke nyumbani kila siku. Pesa ya getini usitoe. Na huo wali wa usiku kuwafungia watoto, acha kuanzia leo.

Nianze na wali, kwa sababu ndio unaonitia wasiwasi zaidi katika barua yako.

Mchele, uwe wa bondeni hapo Pemba au wa kutoka nje, huja na vijidudu vinavyoitwa Bacillus cereus. Asili yao ni udongoni, na kuosha mchele hakuwamalizi. Vijidudu hivi hujifungia ndani ya ganda gumu ambalo moto wa kupikia hauliui. Wali ukiiva na kuachwa sufuriani kwenye joto la jikoni, wanatoka kwenye ganda, wanazaliana, na baadhi yao hutengeneza sumu ya kutapisha. Asubuhi unapoupasha, unawaua vijidudu wenyewe, lakini sumu waliyokwishaiacha inabaki vilevile, maana hustahimili hata mchemko. Haina harufu wala haibadilishi ladha, ndiyo maana kuonja hakusaidii. Mtu aliyekula wali wa namna hiyo hutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita. Kutapika kwa mtoto kuna sababu nyingi, ila kwa mtoto anayekula wali wa jana hii ndiyo ya kwanza kuiondoa, na kuiondoa hakugharimu kitu.

Sasa hesabu saa za kopo lako. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 za Sentigredi, au cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu huzaliana kwa kasi, na kanuni tunayofundisha ni kuwa kisikae katika hali hiyo zaidi ya saa mbili. Joto la hewa likipita nyuzi 32, kama ilivyo kwetu mchana mwingi wa kaskazi, muda huo unashuka kuwa saa moja. Kopo linalofungwa saa 12:15 na kufunguliwa saa 6:30 limekaa vuguvugu zaidi ya saa sita, ndani ya mkoba, darasani. Na ndani mna tui la nazi, ambalo kila mpishi wa Pemba anajua linavyochacha upesi.

Samaki ana lake pia. Jodari, vibua na nguru wasipowekwa barafu mara tu baada ya kuvuliwa, nyama yao hujenga kemikali inayoitwa histamini, yenye kuleta dalili kama za aleji. Hiyo nayo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Mtoto huwashwa mdomo, uso unaiva, kichwa kinagonga, tumbo linavurugika, mara nyingi ndani ya saa moja baada ya kula. Wazazi wengi huondoka hapo wakiamini mtoto ana aleji ya samaki, wakamkatisha chakula bora kuliko vyote tulivyonavyo, kumbe tatizo lilikuwa barafu. Ukinunua sokoni alasiri samaki aliyekaa juani, mwache, hata akiwa bei poa.

Kwa hiyo baba watoto yuko sahihi kuwa jiko la nyumbani analijua: maji yake, mikono ya mpishi, mafuta yake. Lakini usafi wa jiko hauwezi kulinda chakula kwa saa sita za joto.

Kama unataka kuwafungia chakula cha moto, kuna njia moja ninayoikubali. Pika asubuhi. Tafuta chupa ya chakula ya chuma yenye kuta mbili, si hotpoti ya plastiki, na kabla ya kutia chakula ijaze maji yanayochemka, uifunike dakika kumi, kisha uyamwage. Chakula kitoke jikoni kikifuka mvuke, kijae hadi karibu na mdomo wa chupa, na mtoto asiifungue saa 4 kuchungulia. Ijaribu kwanza siku ya mapumziko: tia maji ya moto kabisa saa 12:15, ifungue saa 6:30. Ukiweza kuyanywa maji hayo mfululizo bila kupuliza, yameshashuka chini ya nyuzi 60, na chupa hiyo haifai kwa wali wala mchuzi. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni utakuwa na uhakika zaidi.

Vyakula vikavu ndivyo vinavyosafiri salama bila shida hiyo. Boflo lililopakwa siagi ya njugu, chapati kavu isiyotiwa kitu ndani, mkate wa kumimina, mandazi, njugu za kukaanga, tende, ndizi, chenza au chungwa ambalo halijamenywa. Ganda la tunda ndilo kifungashio bora, basi usimenye wala usikate asubuhi. Njugu zichambue vizuri, zilizosinyaa au zenye ukungu zitupe, kwa sababu ukungu wa njugu huacha sumu ambayo kukaanga hakuiondoi yote. Kiganja cha njugu, gramu 30 hivi, kina protini gramu 7, zaidi kidogo ya yai zima. Mtoto wako wa miaka 7 anahitaji protini gramu 24 hivi kwa siku kama uzito wake ni kilo 25, kwa hiyo kiganja hicho si kitu kidogo. Mandazi matupu yanashibisha, lakini ni unga, sukari na mafuta tu; wape pamoja na njugu, wasipewe peke yake.

Yai la kuchemsha linafaa kwa saa 4, si kwa saa 6:30. Lipoe, libaki na ganda lake, lilale kwenye friji usiku. Chukua chupa ndogo ya maji, ijaze nusu, ilaze ubavu kwenye friza hadi asubuhi, ongeza maji, izungushie kitambaa na uiweke kwenye mkoba ubavuni mwa yai. Maji hayo yanayeyuka taratibu na mtoto anayanywa. Kwa kuwa ni maji ya kunywa, yachemshwe kabla ya kugandishwa, maana barafu haiui vijidudu vya tumbo.

Sasa kantini. Usiende saa ya kula; kila kitu huonekana safi watoto wakiwa wamepanga foleni. Nenda saa 5, salamia wapishi kwa heshima, na uulize wali umetoka motoni saa ngapi. Ukikuta sufuria bado imepaliwa makaa juu ya kifuniko, hiyo ni dalili nzuri: wali uko moto hadi unapakuliwa. Ukikuta wali uliopikwa tangu saa 3 umekaa kwenye beseni la plastiki umefunikwa kitambaa, basi wana tatizo lilelile la kopo lako. Tazama maji ya kuoshea sahani. Sahani sitini zikipita kwenye ndoo moja bila maji kubadilishwa, mtoto wa mwisho anakula vijidudu vya wenzake wote. Uliza samaki wananunuliwa lini na kama wanawekwa barafu. Tazama kama kuna maji ya kutiririka na sabuni ya watoto kunawa, na kama wapishi wananawa wakitoka msalani. Waliopitia kipindupindu cha 2015 na 2016 hapa visiwani hawahitaji kuelezwa kwa nini nasisitiza ndoo.

Kisha omba uonyeshwe sahani moja ya mtoto imepakuliwa. Hapa ndipo kantini nyingi hukosea: mlima wa wali, na juu yake mchuzi wa maharage wenye punje chache. Nusu kikombe cha punje za maharage ndicho kipimo cha kudai, kwa sababu hapo mtoto anapata protini gramu 7 au 8 na madini ya chuma. Wapishi wengi hawana ubaya, wanapunguza kwa kuwa hawajaambiwa kipimo. Mpeni kamati ya skuli kijiko kimoja kikubwa kinachojulikana ujazo wake, kiwe ndicho cha kupakulia maharage. Nimeona hilo likibadilisha sahani ndani ya wiki moja bila bei kupanda, kwa sababu wali ulipunguzwa kidogo.

Kantini ikishindwa kwenye moto au kwenye maji, usilipe hata kama menyu inavutia. Wafungie vikavu siku zote nne, na chakula kamili chenye mboga na mchuzi wale saa 10 wakirudi. Ni afadhali mtoto ale mlo mkubwa alasiri kuliko kula chakula kibovu adhuhuri.

Ikipita, siku tatu kwa watoto wawili ni shilingi 9,000 kwa wiki. Alkhamisi sioni sababu ya kulipa shilingi 3,000 kwa chipsi au tambi za sukari, ambazo hazina protini ya maana. Skuli ikikwambia lazima ulipe mwezi mzima, zungumzeni na kamati mpate tiketi za siku. Mwezi wa Ramadhani suala hilo litajitokeza tena, kwa sababu binti huenda anafunga na mdogo hafungi.

Getini: najua urojo unapendwa, na sufuria inayochemka si tatizo langu. Tatizo ni chatini ya nazi mbichi iliyokaa nje tangu asubuhi, na bakuli linalosuuzwa kwenye maji yaleyale. Pesa ikibaki, inaishia kwenye soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtoto wa miaka 7 hiyo ni gramu 40 hivi. Soda moja imeshamaliza karibu yote kabla hajanywa chai ya jioni.

Binti yako namwelewa. Umri wa miaka 12 haya ni kitu kizito, na ukimlazimisha kopo atalitupa njiani, akae na njaa hadi saa 10. Mpe begi dogo la kawaida badala ya kopo, na umshirikishe kuchagua: yeye ndiye aamue ni boflo au chapati, ndizi au chenza. Akila kantini na wenzake siku tatu, nusu ya haya hiyo itakuwa imeondoka.

Yeye namwangalia kwa jambo jengine pia. Anaingia umri wa kuvunja ungo, na damu ya mwezi huongeza mahitaji ya madini ya chuma. Chuma kilichomo kwenye maharage na mchicha mwili hukipokea kidogo, ila akila chungwa au chenza katika mlo uleule hukipokea zaidi. Chai hukizuia. Kwa hiyo siku za maharage atoke nyumbani na chungwa, na chai aisubirishe walau saa moja baada ya kula. Asikose dawa za minyoo zinazotolewa skuli, kwa sababu safura hunyonya damu haraka kuliko sahani inavyoirudisha. Na ukimwona amechoka bila sababu, anahema akipanda kilima kidogo, au ndani ya kope pamekuwa peupe, mpeleke hospitali ya Chake Chake akapimwe wingi wa damu. Usimnunulie vidonge vya chuma dukani kwa kukisia. Utafiti mkubwa uliofanywa hapa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi katika mazingira ya malaria waliugua sana na kufariki zaidi ya wasiopewa. Hao walikuwa wachanga kuliko binti yako, na malaria wakati huo ilikuwa nyingi, lakini tangu hapo kanuni yangu kwa wazazi ni moja: damu ipimwe kwanza, dozi aiandike daktari.