Klachi inayokubali ukipampu mara mbili

Usishushe giaboksi bado. Kama revasi inakwaruza kwa kanyago moja lakini ukipampu mara mbili inaingia laini, tatizo liko kwenye mafuta ya klachi, si pleti ya klachi. Kuna upepo ndani ya mfumo au mpira wa masta silinda (silinda ya juu, inayosukumwa na pedali) umechoka na kupitisha mafuta.

Funua kifuniko cha mpira cha silinda ya chini, ile iliyo kwenye giaboksi. Kukiwa na unyevu, badilisha mipira ya silinda zote mbili, kwa sababu ukibadilisha moja nyingine hufuata upesi. Kisha mtu akanyage pedali hadi mwisho nawe upime fimbo ya silinda ya chini inavyosogea. Kwenye MGB, gari la zamani la michezo la Uingereza, ni takriban milimita 12. Ikipungua sana na hakuna upepo, angalia pini inayounganisha pedali na masta: tundu lake hulika likawa la yai, na watu wengi hulisahau. Tumia mafuta ya breki tu, DOT 4. Oili ya injini huvimbisha mipira.

Fimbo ikisogea vizuri na bado inakwaruza, hapo pleti huenda imeganda kwa kutu kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), hasa gari likiwa limelala muda mrefu.