Enyi wa dahalia, tuanze na ndoo ya makombo

Nimekaa dahalia, yaani hosteli ya chuo, miaka mitatu hapa Unguja na kwenye kamati yetu ya usafi mie ndo nilopewa upande wa taka, kwa hiyo haya nnayoyaandika nimeyashika kwa mikono yangu. Wengi mnaniuliza chuoni kwenu muanzie wapi kupunguza taka na upotevu. Anzieni kwenye chakula, mengine yote yatafuata.

Sie tulianza vibaya. Tulichangishana tukanunua mapipa matatu, tukayapaka rangi, moja la chakula, moja la chupa, moja la karatasi, tukayapanga getini. Wiki ya pili ukifunua lolote unakuta yaleyale, wali wa juzi, foili, maganda ya maembe, chupa za maji, handauti zilorowa mchuzi, na karatasi ikisharowa mchuzi hakuna tena atakaeitaka. Tukawalaumu wenzetu kuwa hawajali. Kumbe kosa letu, mtu anakula chumbani, akimaliza anafunga kila kitu mfuko mmoja ndo anateremka nao, sasa unategemea afike getini aanze kufungua achague? Taka zinachanganyika chumbani, getini zinafika zishaharibika.

Alotufungua macho ni mzee mmoja jirani anaefuga ng'ombe. Tulimwendea tukamwambia baba, makombo yetu yote chukua, hatutaki hata senti. Akasema wanangu, hebu ileteni hiyo ndoo kwanza niione. Akaimwaga juu ya gunia, akachutama, akaanza kuchambua wali kwa vidole taratibu, akatoa kipande cha foili, akatoa kijiti cha mshikaki, halafu akatoa kifuko cha nailoni cha juisi kimefungwa fundo kimejaa mchuzi. Akakinyanyua akatuonesha. Akasema mwaka juzi ng'ombe wake alikonda mpaka akafa, na alipopasuliwa lilitoka donge la nailoni tumboni, maana ng'ombe hachagui, akisikia harufu ya chakula anameza na mfuko wake. Mie nilinyamaza kimya, kwa sababu vile vifuko nikivitupa kila siku na sijawahi kufikiria vinaishia wapi. Na mifuko ya plastiki hapa Zanzibar imepigwa marufuku tokea 2006, lakini vile vyembamba vya juisi na urojo bado tunavyo mikononi.

Baada ya hapo tukabadilisha. Kila ghorofa ndoo moja yenye mfuniko, imewekwa palepale watu wanapooshea vyombo, sio getini, na inaingia chakula tu. Unakwangua sahani kabla hujatia maji, maana makombo yenye maji yanachacha haraka na ng'ombe hawayataki. Kila ghorofa ina mtu wa zamu, anaichambua ndoo kwa mkono kabla ya mzee kuja alasiri, na hii zamu msiiache hata siku moja, ikiingia nailoni mara mbili mfugaji hatorudi tena na haki yake.

Maganda ya ndimu na vitunguu na majani ya chai yeye hachukui, hayo tunayatia kwenye shimo la mboji nyuma ya jengo, tabaka la mabichi, tabaka la majani makavu ya mwembe, tunageuza kila wiki. Likinuka ujue limezidi maji, ongeza makavu. Mboji ya kwanza ilituchukua kama miezi mitatu tukaitia kwenye mchicha. Mukiyapeleka jaani yanafukiwa pamoja na mengine, yanaoza pasi na hewa yanatoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia kuliko hewa ya ukaa.

Sasa kikishatoka chakula, zilobaki zote ni kavu. Chupa zinakaa polo zima bila ya inzi, wanaookota wanakuja wenyewe kuzipima kilo, karatasi nyeupe upande mmoja tunazitoboa tunafunga daftari la rafu. Hata kuchoma taka tumeacha, ule moshi wa plastiki ulikuwa unaingia madirishani usiku watu wanakohoa.

Na mabomba jamani. Letu la ghorofa ya pili lilikuwa linadondoka tone tone, nikaweka ndoo ya lita 20 chini yake baada ya Isha, kesho yake usiku imejaa. Tulipompelekea bwana wa matengenezo ile ndoo yenyewe alikuja siku ileile, barua mbili kabla yake hazijajibiwa.

Kilobaki kinachoniuma ni mwisho wa muhula. Muhula ulopita nilihesabu kwenye lundo la getini magodoro 6, ndoo zisizo hata ufa, mapangaboi ya mezani mawili yanazunguka vizuri kabisa, na mwezi unaofuata wanakuja wa mwaka wa kwanza wananunua vilevile vitu dukani. Safari hii tumeshaomba stoo ya chini. Mwenye godoro, ndoo, pasi au pazia asiloondoka nalo, alete kabla ya mtihani wa mwisho, likiwa safi na limekauka, na aandike kama anauza au anatoa sadaka.