Usiwaulize kama wameipenda video, waulize wameona nini

Mradi wetu wa mwisho wa diploma ulikuwa video ya muziki. Tulikuwa wanne: mwongozaji, mpiga picha, mhariri, na mimi niliyesimamia mavazi na mandhari. Wimbo ulitungwa na mwanafunzi mwenzetu, unamhusu mama wa Bagamoyo ambaye mwanawe alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha na hapigi simu. Tulishuti siku tatu, ufukweni na kwenye nyumba ya bibi wa mmoja wetu. Tulipomaliza kuhariri tukawaita watu, tukawaonyesha, tukawauliza, "Mmeionaje?" Wakasema kali sana. Hongereni. Mungu awazidishie.

Tulirudi bwenini na furaha kubwa na daftari tupu. Ninaanzia hapo kwa ajili yako unayejiandaa na mradi kama ule, kwa sababu onyesho hilo lilitupotezea wiki nzima. Wale watu hawakutudanganya, walitustahi. Mgeni ukimwuliza kama chakula chako ni kitamu, atakujibu kama mgeni. Tena mstari wa mbele aliketi mzee wa heshima, akazungumza wa kwanza, akasifu. Kijana wa miaka 20 atanyoosha mkono baada yake aseme alichoka katikati?

Onyesho la pili tulilipanga upya. Tulimwomba mwanafunzi wa kikundi kingine aliendeshe, sisi tukakaa pembeni. Kabla mtu hajafungua mdomo, kila mmoja alipewa karatasi yenye maswali matatu: Video inasimulia nini? Umekumbuka kitu gani? Ulipotea wapi? Kupenda au kutopenda hatukuuliza kabisa. Wasiotaka kuandika tuliwasikiliza mmoja mmoja, nje, mbali na wenzao. Walikuja watu 14, wanafunzi na majirani wa chuo.

Majibu ya swali la kwanza yalitushtua. Sita walisema, kila mtu kwa maneno yake, kwamba yule mama amesemwa vibaya mtaani na mtoto ameikimbia aibu. Katika wimbo hakuna aibu yoyote. Tukarudia mashairi, tukarudia picha, kosa hatukuliona. Mpaka mama mmoja anayeuza vitumbua jirani na chuo akaniambia kwa upole, "Mwanangu, si mmemvalisha Nilijua Mtasema?"

Kanga ile niliichagua mimi. Niliipendea rangi, maana ilipokea vizuri mwanga wa jioni, na jina lake sikulisoma. Sasa, kwenye picha yetu ndefu kuliko zote, mama ameketi kizingitini ameipa kamera mgongo, na jina limekaa katikati ya kioo, kila herufi inasomeka. Mimi nilitazama pindo na mji. Wao, waliozoea kupelekeana ujumbe kwa doti za kanga, walisoma kwanza maneno, kisha wakausikiliza wimbo wote kupitia maneno hayo.

Darasani tulikuwa tumekariri habari za Stuart Hall, mwanazuoni mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Uingereza, ambaye mwaka 1973 alieleza kwamba maana anayoitia mtengenezaji si lazima iwe ndiyo anayoitoa mtazamaji: mmoja ataipokea kama ilivyo, mwingine ataikubali nusu, mwingine ataipinga. Niliijibu vizuri kwenye mtihani. Kuielewa, niliielewa siku ya kanga.

Mwongozaji alitaka tuiache, akisema fumbo linanogesha. Hoja yake ilikuwa na uzito, na kwa wimbo mwingine ningemuunga mkono. Lakini msanii alikuwa ameandika habari za mama yake mzazi, hakutaka aonekane mtu aliyefedheheka. Tukarudi Bagamoyo kupiga upya kipande kile, na kanga tukachaguliwa na yule yule mama wa vitumbua: Japo Sipati Tamaa Sikati.

Maoni mengine yalihitaji kuchimbwa. Watu watano waliandika kwamba msanii anaimba bila hisia kwenye kipande cha ufukweni, mmoja akasema anaonekana kama ana usingizi. Tulikaribia kumlaumu msanii. Kisa kilikuwa chetu: tulishuti kwa fremu 50 kwa sekunde, yaani picha mgando 50 kila sekunde, ili mawimbi yaende polepole, tukahariri kwa fremu 25, huku yeye akiwa ameimba kwa mwendo wa kawaida. Mdomo nao ukaenda nusu mwendo. Dawa ni kuupiga wimbo kwa kasi mara mbili wakati wa kushuti, msanii aifuate kasi hiyo. Ukipunguza mwendo wakati wa kuhariri, midomo inarudi kwenye wimbo, na mawimbi na nguo vinabaki polepole. Kwa hiyo mtu akikwambia "mwambie aweke hisia", andika dakika na sekunde aliyoitaja, kisha katafute mwenyewe kuna nini pale.

Na kuna ambayo hakuna aliyeyaandika, ila macho yaliyasema. Mhariri alikaa mbele, akiwatazama wao badala ya kioo, na saa mkononi. Picha yetu ya kwanza ilikuwa jahazi likitoka alfajiri, sekunde 38 bila sauti ya mtu. Tuliamka saa kumi usiku kuipata. Kwenye sekunde ya 15 watu wanne walikuwa wameshatazama simu zao. Iliniuma sana kuikata, nakiri, lakini mtazamaji hajui tuliamka saa ngapi, na hawezi kuipenda picha kwa sababu ya usingizi wetu. Ikabaki sekunde 9. Kwenye kipande cha ndani walikunja nyuso: taa za tyubu zilikuwa zinapiga mistari kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kamera tuliiweka shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, ya 1/60 ya sekunde. Ingekuwa 1/50 mistari isingekuwepo.

Mwonyeshe pia mtu kwenye simu yake, nje, saa saba mchana. Projekta ilitudanganya. Kipande chetu cha usiku, kizuri ajabu kwenye chumba chenye giza, juani kilikuwa kioo cheusi chenye sauti.

Si kila neno tulilifuata. Vijana watatu walitaka magari na wachezaji. Tulikataa, kwa kuwa mama anayesubiri simu hahitaji wachezaji. Ila tulijiuliza kwa nini wote watatu waliyataka kwenye ubeti wa pili, tukagundua kwamba ubeti ule wote mama ameketi pale pale. Tukampa kazi: anachaji simu dukani kwa jirani, anarudi, anaiweka juu ya meza, anaifunika kwa kitambaa.

Onyesho la mwisho mama wa vitumbua alikuja tena. Safari hii hakutaja kanga. Alikaa kimya mpaka mwisho, akajifuta uso kwa upande wa mtandio, akaniuliza, "Sasa huyo mtoto, alipiga simu au hakupiga?"