Noah ifute, wapandishe basi

Mkuu, umesema riwaya yako ina vijana watatu waliotoka kumaliza kidato cha sita, wanaazima gari, Noah, na kwenda Kagera kwenye kaburi la mwenzao, na umekwama kwenye kilio cha kaburini. Safari kama hiyo niliifanya Machi 2011, kutokea stendi ya Msamvu, Morogoro. Nakusimulia ninavyoikumbuka, wewe chukua kitakachokufaa.

Bwenini tulikuwa wanne: mimi, Mnyalu, Ticha na Katibu. Ukatibu wake ulitokana na daftari. Sukari ya nani imeliwa na nani, nani anadaiwa mia tano tangu muhula uliopita, yote yalikuwa humo. Alifariki Januari, malaria ilimpanda kichwani, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, ambao miaka hiyo ulifanyika Februari. Ndugu zake walikuja kumchukua, sisi tukabaki na vitabu. Na tranka lake likabaki stoo kwa patroni, limefungwa kufuli, ufunguo haujulikani ulipo. Tulipomaliza mtihani tukajitolea kulipeleka kwao, Muleba, huko huko Kagera.

Sasa hiyo Noah ifute. Kwanza, kijana wa form six anaazimwa Noah na nani? Pili, gari lako mwenyewe lina uhuru mno: mkichoka mnasimama, mkigombana mmoja anashuka kuvuta hewa. Kwenye basi umebanwa kiti cha watu watatu tangu asubuhi mpaka usiku, bega kwa bega na mtu uliyemkasirikia, na hata kuchimba dawa mnachimba pale alipoamua dereva.

Na sisi tulikasirikiana kabla basi halijaondoka. Konda alitaka elfu kumi ya tranka. Mnyalu akasema hana hata senti, nami nilikuwa nimeona noti kwenye soksi yake. Nikalipa, nikamtupia neno ambalo sitaliandika hapa. Kuanzia Gairo mpaka tunateremka mlima Sekenke hatukusemeshana. Ticha alikaa katikati yetu anamenya mayai ya kuchemsha, anatuuliza kwa zamu kama tunataka chumvi. Ungetuona ungedhani tunakwenda kudai mirathi. Habari za Katibu hakuna aliyezigusa.

Enzi hizo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha (ruhusa imerudi 2023), kwa hiyo tulilala Kahama, ndani ya basi, mbu wakitushughulikia. Alfajiri tukaondoka. Kabla ya mapori ya Biharamulo askari wakasimamisha basi, mmoja mwenye bunduki apande kutusindikiza, wengine wakakagua mizigo. Wakafika kwenye tranka.

"La nani hili?"

Mnyalu ndiye aliyekuwa karibu. "La rafiki yetu."

"Yuko wapi? Aje afungue."

Tangu Januari, Mnyalu hakuwahi kulitamka lile neno. Shuleni alikuwa akisema Katibu "yuko Muleba," nasi tukamwachia. Pale barabarani alifungua mdomo, akaufunga, akanitazama mimi, mimi niliyemnunia kilomita mia nne. Nikatazama chini. Basi akamwambia yule askari, kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani: "Afande, mwenyewe amefariki." Kisha akakaa kwenye changarawe, suruali yake ya safari na yote, akalia mpaka abiria wakashuka kuangalia kuna nini. Askari aliligonga tranka mara moja kwa kiganja, akasema poleni, lirudisheni.

Kilio chetu kilikuwa hapo, mkuu. Kaburini, katikati ya migomba, udongo ukiwa bado umetuna, nilikuwa nawaza njaa. Nimewahi kuona aibu kwa hilo, siku hizi sioni tena. Kwa hiyo kama ile sura yako ya kaburini inakushinda, huenda ni kwa sababu hakuna kitu pale. Ifanye nusu ukurasa.

Nyumbani walitupokea kama watu wazima, na hilo lilitutisha kuliko msiba. Tulipewa viti, tukaletewa kahawa ya kutafuna, mzee mmoja akasimama akasema kwa Kihaya maneno marefu, halafu shangazi akatutafsiria kwa ufupi: wanawasubiri mseme. Hatukuwahi kusubiriwa na wazee. Ticha ndiye aliyesema. Alitaja daftari la madeni, watu wakacheka, mama mzazi naye akacheka huku akijifuta kwa khanga.

Tranka halikufunguliwa mbele yetu. Mama aliliingiza chumbani, alipotoka akauliza basi lilitutoza kiasi gani kwa mzigo ule. Tukasema hakuna kitu, mama. Akarudia swali. Mnyalu akasema elfu kumi. Mama akafungua fundo la pindo la khanga, akahesabu noti za elfu moja moja, na alipoona tunarudisha mikono nyuma, baba akasema kutoka kwenye kiti chake: "Pokeeni. Mwanangu asidaiwe."

Nilipokea kwa mikono miwili. Hela ile tuliila Kahama, usiku wa kurudi, chipsi mayai na soda, na Mnyalu akadai chenji igawanywe sawa kwa watatu.