Baridi ya Julai na tilapia wa bwawani
Ndugu, umeuliza kama bwawa lako la samaki litaganda kwa baridi hii. Hapana, bwawa la nyumbani hapa Nairobi haligandi, hata Julai. Maji huganda yakifika nyuzi 0, na usiku wetu wa baridi kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Wa kuhurumiwa ni hao tilapia wako: hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30, na joto la maji likishuka chini ya nyuzi 16 hivi huacha kula. Punguza chakula, uwape saa saba mchana maji yakishapata jua, maana mabaki huoza na kuchafua maji. Bwawa langu lina kina cha mita moja, nami hulifunika kwa nailoni jioni. Lenye kina kifupi hupoa upesi zaidi. Ila usilizibe lote, waachie hewa.